Tulichagua Maziwa

Nimeacha kazi juzijuzi, na hakuna aliyenikatia keki. Nilisema tu, "Haya jamani, mimi nimemaliza," vijana wakadhani naenda kunywa chai. Walipokuja kutambua kwamba Mzee Kazungu harudi, simu ikaanza kulia. Mzee, puti inapasuka, tufanyeje? Mzee, rezini haikauki, tumeuziwa mbovu? Basi nimekaa hapa barazani niwaandikie yote kwa mkupuo mmoja, ya puti na ya rezini, na lile ambalo hamjaniuliza hata mmoja wenu, la kifua. Hilo la kifua ndilo hasa. Mkiona naandika kwa ukali, ni kweli nina hasira, na sina haja ya kuificha.

Kwa asiyeijua kazi yetu: mtu anakuja na gari lake, mlango una tundu la spika moja ndogo, yeye anataka mbili kubwa. Au anataka boksi la besi likae nyuma ya kiti bila kula nafasi ya mizigo. Mbao hazipindi namna hiyo, faiba inapinda. Unaufunika mlango kwa karatasi ya gundi, unakata pete za mbao za kushika spika, unazisimamisha kwa pembe unayoitaka, kisha unavuta kitambaa juu ya yote mpaka kikaze kama ngozi ya ngoma. Kitambaa unakinywesha rezini. Kikishakauka unapiga tabaka za faiba, unapaka puti, halafu unasugua. Unasugua kwa grenda, unasugua kwa msasa wa mkono, unasugua mpaka kiganja kikipita kisihisi kitu. Hapo kwenye kusugua ndipo kuna vumbi. Ni jeupe, laini, linang'aa likipigwa na jua, na mgeni anaweza hata kulisifu. Ni kioo lile, faiba ni nyuzi za kioo. Tulikuwa tukivuta kioo kwa pua tangu asubuhi hadi alasiri.

Mimi ni mtoto wa Mariakani. Babangu alipakua malori, nami nikaona mgongo wake ulivyokwisha, nikasema sitaki. Nikashuka Malindi kutafuta kazi ya mkono. Gereji niliyoipata ilikuwa banda la mabati nyuma ya mji, na mtu wa kwanza niliyemkuta ndani alikuwa mzee mwembamba, amevaa msuri na fulana iliyogandamana na rezini hata ingeweza kusimama peke yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Ngozi yako ngumu?"

Sikuelewa swali. Jioni nilielewa. Mwili mzima uliniwasha, shingo, viwiko, kiunoni pale mkanda unapokaa, na mahali pengine ambapo mtu mzima hajikuni mbele za watu. Nikaenda kuoga maji ya moto. Kesho yake nikaja macho mekundu, yule mzee, Fundi Shee, akacheka mpaka akashika ukuta. "We Kazungu! Maji ya moto yanafungua ngozi, faiba inaingia inapanga chumba. Maji baridi kwanza, usijisugue, ujimwagie tu." Hilo shikeni, ni kweli mpaka leo. Kisha akatoa pakiti ya maziwa mfukoni, akaikata pembe kwa meno, akanipa nusu. "Kunywa. Yanasafisha kifua." Hilo msilishike, lakini subirini nifike huko.

Fundi Shee alikuwa mtu wa Malindi, wazee wake wa visiwani kaskazini, na alikuwa na namna yake ya kufanya kila kitu. Kitambaa cha kuvuta juu ya pete hakukinunua dukani. Alikwenda mwenyewe kwenye mitumba akachagua fulana, akazivuta pale pale mbele ya mwenye mali kuona kama zinarudi. Mama mmoja alimfukuza kwa ufagio, "We mzee, unanilegezea shingo za nguo!" Dawa ya kukausha rezini aliipima kwa kifuniko cha soda. Maandishi ya kwenye kopo yana kipimo chao, na jua la Malindi lina chake. Mchana wa Februari ukitia kama ulivyotia asubuhi, rezini itachemka mkononi, kopo litoe moshi na brashi igande humo humo. Wakati wa masika ukitia vile vile utasubiri mpaka mwenye gari aje kukutukana. Kwa hiyo nyinyi mnaolaumu duka, angalieni mawingu kwanza.

Boksi likivuja hewa, besi inakufa. Wengine hupaka gundi kila mahali wakaomba Mungu. Fundi Shee alileta chetezo cha nyumbani, akatia udi juu ya makaa, akapitisha moshi taratibu kwenye viungo vya boksi huku besi inapiga. Moshi ukitulia, pazima. Ukishtuka ukaruka pembeni, weka alama ya kalamu, pana tundu. Gereji nzima ilinukia kama nyumba ya arusi, na wateja walidhani tunafanya mambo ya uganga. Mmoja aliuliza kwa heshima kama ataruhusiwa kusimama karibu.

Tulikuwa na kazi ngumu pia. Kijana mmoja wa tuktuk alitaka besi chini ya kiti cha abiria. Nikamwambia kiti kitatetemeka. Akasema ndivyo hasa anavyotaka. Tukamtengenezea, kazi safi kabisa, na akarudi analalamika kwamba akina mama wanashuka kabla hawajafika, tena mmoja alimwambia amemkoroga matumbo. Tulimtolea, hatukumcheka mpaka alipoondoka.

Lakini jambo lililowafanya watu waje kutoka Kilifi na Takaungu hadi kwetu ni namna Fundi Shee alivyojaribu spika. Hakuziamini santuri wala simu. Aliunganisha maikrofoni, akafumba macho, akaghani kaswida. Huyu alikuwa mwongozaji wa kaswida mtaani kwao, mwezi wa maulidi ukifika alikuwa hashikiki. Alianza chini, akapanda, akaubeba mstari mzima mrefu kwa pumzi moja, wala hakukaza shingo. Wanawake waliokuwa wakiuza viazi karibu na gereji waliacha kuuza. "Sauti ya mtu haidanganyi," alikuwa akiniambia. "Boksi likiibeba hii, muziki haulishindi." Mimi ni mtu wa kanisani, na kaswida sizijui, lakini nilikuwa nikisimama pale na msasa mkononi, nywele za mikono zimesimama. Pumzi ile ndiyo ninayotaka muikumbuke. Ndiyo iliyomalizwa.

Mwenye gereji aliitwa Bwana Swaleh. Mtu mzuri wa maneno, mcheshi, salamu zake hazipungui. Alijifunza faiba Mtwapa, kwenye yadi moja ya boti za mwendo kasi, kisha akarudi Malindi na ufundi huo akafungua kwake. Ofisini mwake, nyuma ya mlango, alikuwa na maski ya mpira yenye vichujio viwili vya duara mashavuni. Kila alipoingia banda la kusugua aliivaa, akakaza mikanda, ndipo akaingia. Sisi tulimwita tembo. "Tembo huyo anakuja!" Naye alicheka humo ndani ya mpira wake, akakagua kazi, akatoka.

Siku moja mwenzetu mmoja alikohoa damu kidogo, akarudi kwao na hakuonekana tena gerejini. Tukaogopa. Tukazima mashine, tukaenda ofisini sote, Fundi Shee mbele. Dai letu lilikuwa moja, maziwa. Msicheke. Mwulizeni mpiga rangi, mwulizeni mpakia saruji, mchomaji vyuma, wote watawaambia kwamba maziwa yanazoa vumbi. Tulizaliwa tukalikuta neno hilo. Fundi Shee akasema, "Bwana Swaleh, watu wanaumia vifua. Tunataka maziwa kila siku, kila mtu na pakiti yake."

Bwana Swaleh akatusikiliza vizuri. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na uso wa baba mwema.

"Ndugu zangu, vyote viwili sitaviweza. Naweza kuwanunulia maski, kila mtu yake, kama hii yangu. Au niwaletee maziwa. Semeni wenyewe mnataka nini. Sitaki kesho niambiwe nimewalazimisha."

Hebu fikirini. Maski ile ni ya mpira, Malindi ni joto, ukiivaa jasho linakujaa kidevuni na miwani inafanya ukungu. Halafu maziwa mtu anaweza kuyapeleka nyumbani. Nusu yetu tulikuwa na watoto wadogo. Fundi Shee akageuka akatuangalia, akauliza, "Maski inanyweka?" Watu wakaangua kicheko, mikono ikapanda juu. Maziwa! Bwana Swaleh akapigiwa makofi, naye akaweka mkono kifuani akainama kidogo. Tulirudi kazini kama watu walioshinda vita. Na maziwa yakaja kweli, kesho yake na kila siku iliyofuata, hayakukosa, mvua inyeshe, barabara ifungwe.

Hatukujiuliza kwa nini anayeyanunua hayanywi. Miaka yote ile sikumwona Bwana Swaleh hata mara moja na pakiti mkononi. Alikuwa na chai yake ya tangawizi, na maski yake nyuma ya mlango.

Kifua cha Fundi Shee hakikuharibika ghafla. Kwanza niliona mstari ule mrefu anaukata katikati, anajifanya anarekebisha waya, kisha anaendelea. Halafu akawa anaghani nusu tu. "Boksi dogo hili, linatosha." Halafu maulidi yakafika, nikasikia mtaani kwao wanasema mwaka huu anaongoza mwingine. Nikamuuliza.

"Baridi tu, Kazungu. Upepo umenipata."

"Fundi, upepo gani huu usiokwisha?"

"Ala! We daktari siku hizi?"

Akaanza kunywa pakiti mbili. Ya pili ilikuwa yangu, nilimpa mwenyewe, na nilimpa kwa moyo mweupe. Mkewe, Bi Maimuna, alinisimamisha njiani akaniambia, "Mwambie mwenzio aende hospitali, mimi hanisikii. Analala ameketi, Kazungu, kwa mito. Akilala chali anazama." Nikamshika mkono nikampeleka, nusu kwa kubembeleza, nusu kwa kumburura.

Daktari alikuwa msichana mpole. Akaiangalia picha ya kifua muda mrefu, akaigeuza, akaiangalia tena.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Faiba. Maboksi ya spika za magari."

"Na vumbi lile mnajikinga na nini?"

Fundi Shee akakaa wima. Alikuwa na jibu zuri, na alikuwa amelisubiri. "Maziwa, daktari. Kila siku. Hata siku moja hayajakosekana."

Yule binti akaweka kalamu chini. Hakucheka, Mungu ambariki, hakucheka. Akasema taratibu, "Mzee wangu, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi linakwenda kwenye mapafu. Ni njia mbili, hazikutani popote." Akaendelea kueleza kwamba mapafu yameshika makovu, na makovu hayo hayafutiki, kuna dawa za kumpunguzia tu.

Tulikaa nje kwenye benchi. Watu wanapita, watoto wanalia, yeye anaangalia viatu vyake.

"Kazungu. Yule msichana amesoma kweli?"

"Amesoma, Fundi."

"Basi nimewaua watu."

Nikamwambia asiseme hivyo, kila mtu aliinua mkono wake. Hakunisikia. "Mimi ndiye niliyewachekesha," alisema, "mimi ndiye niliyesimama mbele." Njia nzima hakusema lingine. Alichokitaka kuanzia hapo kilikuwa kimoja tu, arudi gerejini awaambie wenzake kwa mdomo wake mwenyewe, kabla hajashindwa. Dawa hazikumshughulisha, kula hakukumshughulisha. Bi Maimuna alimwambia amtume Kazungu akamsemee. Akakataa. "Wamelisikia kwangu lile, walisikie kwangu na hili."

Alipopata nafuu kidogo nilimleta. Alivaa kanzu. Nikamketisha juu ya boksi moja la besi lililokuwa halijapakwa rangi. Grenda mbili zilikuwa zinanguruma, vumbi limejaa bandani, na yeye akaanza kusema vile vile, katikati ya kelele. Nikaona midomo inakwenda, hakuna mtu anayegeuka. Nikakimbia kuzima umeme. Kimya kikaingia, wote wakamtazama, na pumzi ikawa imekwisha. Mtu aliyekuwa akinyamazisha soko akawa anafungua mdomo na hakitoki kitu. Alinionyesha mimi kwa kidole, niseme. Nikasema. Nilieleza yote ya daktari, njia mbili, makovu, kila kitu.

Mkafanya nini? Nawauliza wale mliokuwapo. Mlisikitika, mlimpa pole, mmoja alijifunga leso puani mpaka mchana akaivua kwa joto. Bwana Swaleh alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi. Akasema, "Jamani, mzee ni mgonjwa, msimchoshe. Kazungu, mrudishe nyumbani." Kesho yake maziwa yakaja kama kawaida, na mkayapokea. Siwalaumu kwa kuyapokea, watoto wanayanywa. Nawalaumu kwamba hamkuomba na maski.

Fundi Shee hakukaa muda mrefu baada ya hapo. Mazikoni Bwana Swaleh alikuja mapema, kanzu nyeupe, akabeba jeneza kwa bega lake, akalia kidogo. Baadaye nikamsikia akiwaambia watu pale chini ya turubai, "Huyu nilimtunza. Maziwa yake sikuwahi kumkosesha hata siku moja, mwulizeni yeyote." Watu wakaitikia, Mungu atakulipa. Niliinuka nikatoka pale chini ya turubai, kwa sababu msiba haukuwa wangu peke yangu, na Bi Maimuna alikuwa ndani.

Hitima ilipokwisha nilikwenda ofisini kwake. Sikuketi.

"Kazungu, karibu. Tumepungukiwa, bwana."

"Nina swali. Ile maski yako nyuma ya mlango. Kule Mtwapa walipokupa, walikuambia ya nini?"

Akaitazama maski, akanitazama mimi. "Waliniambia."

"Na maziwa? Walikuambia yanasaidia?"

Akatabasamu, si kwa dharau, kama mtu anayemweleza mtoto. "Maziwa ni imani yenu nyinyi."

"Ulijua hayasaidii."

"Kazungu, niliwaweka wote pale nje, nikawauliza mbele ya kila mtu. Maski au maziwa. Nyinyi ndio mliochagua. Tena mlinipigia makofi."

Na kweli tulimpigia. Hilo ndilo lililonipasua roho, kwamba hakuna neno moja la uongo katika aliyoyasema. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limeniiva tangu mazikoni, nimelipanga njia nzima. Nikaanza, "Bwana Swaleh, mtu anayejua..." kikohozi kikanishika. Kile cha chini kabisa, kinachovuta mbavu. Nikashika meza yake kwa mikono miwili. Yeye akasubiri kwa adabu mpaka kilipotulia, nikajaribu tena, kikanirudia, na safari hii sikupata hata neno la kwanza. Akasimama akanifungulia mlango. "Nenda kapumzike, mzee mwenzangu. Umechoka."

Nami daktari ameshaniambia langu. Sitawasumbua nalo.

Basi neno lililobaki kooni ni hili, na nimeliandika kwa sababu kuandika hakutaki pumzi: Bwana Swaleh, mtu anayejua akimwachia asiyejua achague, anayejua ndiye aliyechagua. Nyinyi mlio bado kwake, zimeni mashine, mwiteni atoke ofisini, mmsomee. Someni kwa sauti, wakati bado mnayo.